Somo: Mutoto wa munyama wa pori ndani ya nyumba

Wandugu wakulima, mara nyingi katika gazeti letu ninaongea nanyi juu ya muhogo, maharagi na mbuzi. Leo ninaleta jambo lingine, juu katika kutembelea koperative nimelikuta mara tatu kwa muda mufupi. Mutu moja alifunga makako mudogo mulangoni. Mwingine alinunua kakakuona sokoni akamuweka ndani ya pipa. Wa tatu alikuwa na mutoto wa sokwe, yule wengine tunamwita sokomutu, ndani ya kartoni ya sabuni. Wote watatu waliniuliza swali moja: "Agronomi, huyu anakula nini?"

Ni swali la mufugaji wa kweli. Nitalijibu, lakini nianze na ile nyumba ya kartoni. Sitataja jina wala mugini. Mama wa nyumba ile anatunza sanduku la koperative yao ya muhogo, upande wa Kalehe. Bwana yake alikuwa ameuzisha magunia mawili ya unga kwa deni kwa mutu wa machimbo. Deni likakawia. Siku moja yule mutu akarudia bila pesa, akaweka kartoni chini: "Papa, kamata huyu. Kule mujini wazungu wanamununua dolari mingi."

Nilipofika, mutoto wa sokwe alikuwa chini ya kitanda, ameshika kitenge cha Mama kwa mikono yote miwili. Siyo utani ule. Katika miezi ya kwanza mutoto wa sokwe haachani na mwili wa mama yake: anashika tumbo lake, kisha akikomaa kidogo anapanda mugongoni. Ukimuondoa pale, anatafuta kitu chochote cha kushika. Kamba ya nailoni kiunoni mwake ilikuwa imeanza kuingia ndani ya nyama, juu mwili unakomaa lakini kamba haikomai. Walimupa ugali, ndizi na chai ya sukari, akawa anaharisha. Na mutoto wa nyumba, mwenye miaka miwili, alikuwa anakohoa, na usiku wote wawili walilala kwenye mukeka moja.

Mama akaniuliza: "Mwanangu, huyu iko na faida gani kwetu? Utuambie tu ukweli."

Shuleni walinifundisha mbuzi, nguruwe, kuku na sungura. Sokwe hakuwa kwenye masomo. Nilimwambia Mama kwamba faida haiko, na kwamba tuite watu wa ICCN. Bwana yake alinyamaza, kisha akauliza kama watamufunga. Nilimujibu kwamba siwezi kumuahidi kitu juu ya sheria, lakini kukaa na sokwe kimya kila siku kunaongeza tu shida yake. Akakubali tupige simu. Lakini ilikuwa majira ya mvua na barabara ilikuwa imekatika. Tukangoja.

Siku ya nne mutoto wa nyumba alimunyanganya sokwe ndizi. Sokwe akamuuma mukono. Tulisafisha kidonda kwa maji na sabuni kwa dakika 15, kisha bwana akapanda pikipiki na mutoto, mvua inanyesha, hadi hopitali ambako chanjo ya kichaa cha mbwa ilipatikana. Ile safari na dawa zilikula pesa kupita bei ya gunia moja. Usiku wa sita sokwe akafa. Gari ikafika kesho yake asubuhi.

Sasa nijibu swali: anakula nini?

Mutoto wa sokwe anakula maziwa ya mama yake. Ananyonya mpaka miaka minne au mitano, hata kama ameanza kuonja matunda na majani mapema. Piga hesabu pamoja nami. Mwana-mbuzi anaacha kunyonya kwa miezi mitatu hivi, kisha majani ya kando ya njia yanamutosha. Mutoto mudogo wa sokwe anataka maziwa ya unga ya watoto wachanga, siyo ya ngombe, kila saa mbili au tatu, hata usiku. Anataka pia mutu wa kumubeba muchana kutwa, juu bila kubebwa anaacha kula. Nani katika nyumba yako ataacha shamba kwa miaka minne? Mama ndiye ataambiwa afanye ile kazi, tunajua.

Kakakuona ni mbaya zaidi. Hana meno. Anakula sisimizi na muchwa peke yake, na anawatafuta mwenyewe usiku. Ukimufungia na kumutupia muhogo au nyama, hatagusa. Anakauka polepole, na wewe unafikiri analala.

Makako ndiye anadanganya watu sana, juu yeye anakula karibu kila kitu na anachekesha watoto. Nyumbani kwetu nilipokuwa mudogo, kaka yangu alikuwa naye. Miaka miwili alikuwa rafiki wa avenue nzima. Akikaribia miaka mine meno ya pembeni yalitoka marefu, akaanza kutaka kujua nani mukubwa katika nyumba, na akaanza na mimi, juu mimi nilikuwa mufupi. Alama iko bado kwenye muguu. Kisha akakata kamba akaingia katika mahindi ya jirani, na baba yangu ndiye alilipa. Hakukuwa ubaya wowote katika yule makako. Alikomaa tu, akawa kile alichozaliwa nacho.

Sokwe naye anakomaa vilevile, lakini yeye anafika kilo 40 mpaka 60, na katika ulinzi mwema anaweza kuishi kupita miaka 40. Maana yake unamuachia wajukuu wako. Musifikiri kwamba shida ni umasikini wetu, kwamba mwenye pesa angeweza. Katika Marekani, muji wa Stamford, jimbo la Connecticut, sokwe moja alilelewa ndani ya nyumba tangu utoto. Alivaa nguo, alikunywa kwa kikombe, alijua kufungua mulango kwa funguo. Mwezi wa pili 2009 alimurukia rafiki wa mwenye nyumba, mwanamuke ambaye alimufahamu kwa miaka, akamuharibu uso na mikono kabisa. Polisi wakamupiga risasi. Nyumba ile haikukosa maziwa wala veterineri.

Tuje kwa magonjwa, na hapa ninaomba tusikilizane vizuri, juu mambo mengi yanasemwa. Ugonjwa unapita pande zote mbili. Mafua yetu, surua yetu na kifua kikuu chetu vinaweza kuua sokwe. Pengine kikohozi cha yule mutoto ndicho kilimaliza mugeni wa chini ya kitanda. Kutoka kwake kuja kwetu, kuuma na kukwaruza kunaleta vidonda vibaya, na kunaweza kuleta kichaa cha mbwa.

Halafu iko mpox. Mutu wa kwanza aliyejulikana kuwa nayo alikuwa mutoto mudogo wa hapa Congo, upande wa Équateur, mwaka 1970. Zamani waliipa jina la makako, lakini wataalamu wanashuku zaidi wanyama wadogo wa meno makali: panya wa pori, kindi na ndugu zao. Mwaka 2003 mufanyabiashara wa Marekani aliingiza panya wakubwa wa pori kutoka Ghana, wauzishwe kwa watu wa kuwafuga nyumbani. Wakawekwa karibu na wanyama wengine wadogo, wale wanaochimba mashimo katika nyika za kule, ambao nao walikuwa wa kuuzisha. Wale wakagonjwa, na watu walipowanunua na kuwashika, watu 47 wakahesabiwa kuwa na ugonjwa au kudhaniwa kuwa nao. Hakuna aliyekufa, kwa bahati. Ile mpox iliyotokea Kamituga mwaka 2023 ilienea zaidi kutoka mutu kwa mutu, kwa hiyo tusiwatwike wanyama muzigo wote. Lakini mutoto asilale na panya wa pori, wala kindi.

Katika koperative moja papa moja alisimama akasema: "Basi mimi nikimununua, nimemuokoa. Nikimuacha sokoni atakufa." Ninaheshimu lile neno, limetoka moyoni. Tuangalie tu namna mutoto alifika sokoni. Mama sokwe hatoi mutoto wake. Lazima auawe, na mara nyingi wengine wa kundi wanauawa pamoja naye wakimutetea. Sokwe muke anazaa mara moja tu katika miaka mitano au sita, kwa hiyo pori haliwezi kurudisha haraka kile kilichoondoka. Ukilipa, muwindaji ananunua risasi na kurudi. Ungemuokoa moja, na ungeagiza mwingine. Kwa ngagi wa hapa kwetu, yule wa Kahuzi-Biega na Maiko, ni zaidi tena, juu aina ile haiko katika inchi ingine yoyote duniani. Sheria ya Leta namba 14/003 ya tarehe 11 Februari 2014 inalinda wanyama hawa, na inakataza kuwawinda na kuwauzisha. Kuna faini na kuna gereza.

Kuna mutu ataniuliza: na dende? Si yeye pia ni mugeni? Ndiyo, ni mugeni kabisa. Kwao ni milima ya Amerika ya Kusini, na anakaa katika jikoni zetu za Kivu sawa vile alizaliwa hapa. Lakini watu wa kule walimufuga miaka elfu nyingi mbele afike kwetu, na katika ile miaka yote walichagua wale wapole. Kazi ile ilikwisha kufanywa. Anataka majani mabichi kila siku tu, juu mwili wake, sawa wetu, hautengenezi vitamini C. Anazaa kwa miezi miwili na siku kidogo. Makako na sokwe hakuna aliyewafanyia ile kazi, na wewe hutaimaliza katika maisha yako.

Sasa, kama munyama yuko tayari ndani ya nyumba, au mutu anamuleta kwa kulipa deni. Kataa deni lile, hata kama inauma. Kama umekwisha kumupokea, usimupeleke mujini na usimurudishe porini peke yake. Mutoto hawezi kuishi kule. Mutu mukubwa moja tu amushike, mwenye afya, asiyekohoa. Watoto wakae mbali, na vyombo vyake viwe vyake. Kata kamba ya kiunoni polepole. Umupe maji safi na matunda yaliyoiva, umufunike wakati wa baridi. Kisha upige simu kwa ICCN, au umuambie shefu wa groupement apige, siku ileile. Wao ndio wanapeleka sokwe na makako Lwiro, katika territoire ya Kabare, ambako kituo cha kuwatunza kiko tangu 2002 na kinalea sokwe zaidi ya 100. Ngagi wadogo wanaweza kupelekwa Kasugho, territoire ya Lubero. Mukiumwa: sabuni na maji dakika 15, kisha santre ya afya, hata kama kidonda ni kidogo.

Nilirudia kwa yule Mama mwezi uliopita. Mukono wa mutoto umepona, kidole kimoja tu hakikunji vizuri. Magunia mawili hayakulipwa, na mutu wa machimbo hajaonekana tena. Chini ya kitanda sasa kuna dende saba. Nilimuomba awahamishe, juu moshi wa jiko unafika pale. Alisema atafanya wakati bwana atakapotengeneza kizimba. Bwana alitazama pembeni.

Maulizo ya kuongea katika kundi:
1. Katika mugini wetu, nani eko na munyama wa pori nyumbani, na alimupata namna gani? (Musitaje majina kama mwenyewe hayuko.)
2. Mutu akikosa pesa ya kulipa deni la koperative, tunakubali vitu gani, na gani tunakataa? Je, imeandikwa katika kanuni zetu?
3. Nani kati yetu eko na namba ya simu ya ICCN ya karibu? Iandikwe ukutani pa depo.
4. Kutoka hapa mpaka mahali chanjo ya kichaa cha mbwa inapatikana ni saa ngapi kwa pikipiki, na sanduku la koperative linaweza kukopesha ile nauli?