Taa Kuwaka Si Ushahidi: Upimaji wa Nyaya za Umeme Katika Majengo ya Zamani ya Biashara

Mji wa Misungwi umo kando ya barabara kuu itokayo Mwanza kwenda Shinyanga. Kama ilivyo katika miji mingi ya Usukuma, jengo moja la maduka aghalabu hutumiwa na watu kadhaa: huyu auza vitambaa, yule ashona nguo, na wa tatu ahifadhi samaki katika friza. Tangu Juni 2025 Daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita 3, limeiunganisha Wilaya ya Misungwi na Sengerema bila wasafiri kungoja kivuko. Penye njia hukua biashara, na biashara ikikua vifaa vya umeme huongezeka. Lakini nyaya zilizomo ukutani hubaki zile zile.

Wenye majengo wengi huamini kwamba maadamu taa zawaka, nyaya ni nzima. Madhumuni ya makala haya ni kuonyesha kwa nini imani hiyo ni ya hatari, na jinsi vipimo vichache vinavyoweza kufichua ubovu kabla haujaleta moto au kifo.

Waya huzeekaje?

Kila waya wa umeme una sehemu mbili: shaba ipitishayo mkondo, na gamba liizungukalo, liitwalo kihami. Shaba hudumu miaka mingi sana. Kinachozeeka ni kihami. Katika majengo yaliyojengwa kabla ya miaka ya 1960, kihami kilikuwa mpira, ambao baada ya muda hukauka, hupasuka na kupukutika kama gome la mti mkavu. Baadaye plastiki ilichukua nafasi yake. Hiyo ni imara zaidi, lakini nayo huharibiwa na joto, na panya huitafuna. Kwa makadirio ya wahandisi, joto la waya likizidi kiwango kilichokusudiwa kwa takriban nyuzi 10 za Selsiasi, umri wa kihami hupungua karibu nusu.

Joto hilo latoka wapi? Mwanasayansi Mwingereza James Joule alieleza mwaka 1841 kwamba joto linalozalishwa katika waya hufuata mraba wa mkondo. Yaani mkondo ukiongezeka mara 2, joto huongezeka mara 4. Mkondo ukiongezeka mara 4, joto huongezeka mara 16.

Tuchukue mfano. Sakiti, yaani njia kamili ya umeme kutoka kwenye fyuzi hadi kwenye kifaa na kurudi, ina waya wa shaba wenye mkato wa milimita mraba 1.5. Kutoka ubao wa fyuzi hadi dukani ni mita 20, hivyo kwenda na kurudi ni mita 40. Ukinzani wake ni karibu omu 0.46. Hapo zamani sakiti hii ilibeba ampea 5 tu, na joto katika waya wote lilikuwa wati 11.5. Leo fundi cherehani ana pasi mbili za wati 1,000 kila moja, jirani yake ana friza mbili za wati 300, na mwingine ana birika la umeme la wati 2,000. Jumla ni wati 4,600. Kwa umeme wa volti 230, mkondo ni ampea 20. Joto katika waya ule ule sasa ni wati 184, nalo limefungiwa ndani ya ukuta.

Hatari huzidi penye kiungo kilicholegea. Kiungo chenye ukinzani wa omu 0.5, kikipitisha ampea 10, hutoa wati 50 mahali padogo kama punje ya hindi. Hilo ni joto la chombo cha kulehemu kwa risasi. Taa itaendelea kuwaka kama kawaida, huku ubao wa dari ulio karibu ukigeuka mkaa polepole.

Fyuzi ni mlinzi wa waya

Fyuzi iliwekwa ili iungue kabla waya haujaungua. Inapokatika mara kwa mara, inatoa taarifa kwamba sakiti imezidiwa au ina hitilafu. Desturi ya kuifunga kwa waya mnene wa shaba ni sawa na kumziba mlinzi mdomo kwa sababu anapiga kelele usiku. Yafaa ikumbukwe daima: ukubwa wa fyuzi hufuata unene wa waya, haufuati wingi wa vifaa. Anayetaka fyuzi kubwa zaidi hana budi kubadili waya kwanza.

Hatua za upimaji

Kazi hii ifanywe na fundi mwenye leseni ya EWURA. Hata hivyo, ni vema mwenye jengo ajue linalofanyika, ili asilipie ukaguzi wa mdomo tu.

1. Kuangalia. Umeme ukiwa umezimwa kwenye swichi kuu na kuhakikishwa kwamba haupo, fundi hufungua soketi, swichi na ubao wa fyuzi. Hutafuta rangi ya kuungua, mpira uliopasuka na viungo vilivyolegea. Aangalie pia rangi za nyaya. Katika utaratibu wa zamani wa Kiingereza, nyekundu ilikuwa waya wenye moto na nyeusi ilikuwa nyutro. Katika utaratibu mpya, kahawia ina moto na buluu ni nyutro. Lakini penye umeme wa fezi tatu, kama kwenye mashine za kusaga, buluu ya zamani ilikuwa moja ya nyaya zenye moto. Asiyejua hilo aweza kuidhani nyutro, na kosa hilo laweza kumwua.

2. Kupima waya wa ardhi. Huhakikishwa kwamba waya huo haukukatika popote kati ya kila soketi na ubao.

3. Kupima kihami. Vifaa vyote huchomolewa, kisha chombo ambacho mafundi hukiita mega husukuma volti 500 kati ya nyaya, na kati ya nyaya na ardhi. Kipimo kisipungue megaomu 1, yaani omu milioni moja. Kikipungua, umeme unavuja, na sakiti hiyo isirudishiwe umeme kabla chanzo hakijapatikana.

4. Kupima njia ya kurudi ardhini. Hapa nchi ya Mwanza ina shida yake. Miamba ya matale iko karibu na uso wa ardhi mahali pengi, nayo hupitisha umeme kwa shida, hasa wakati wa kiangazi udongo unapokauka. Tuseme njia nzima ya kurudi ina ukinzani wa omu 46. Friza ikipata hitilafu na bati lake likashika umeme, mkondo utakaokwenda ardhini ni volti 230 kwa omu 46, yaani ampea 5. Fyuzi ya ampea 15 haitakatika kwa mkondo huo. Friza itaendelea kukaa na umeme katika bati lake, ikimngoja mtu wa kuigusa. Kwa hiyo kipimo hiki kifanywe wakati wa kiangazi, hali inapokuwa mbaya zaidi.

Kurekebisha kwa utaratibu

Fedha zikiwa haba, kazi igawanywe. Kwanza, irekebishwe njia ya ardhi na kuwekwa kikatio kinachohisi mvujo wa miliampea 30. Hicho hukata umeme kwa sehemu ndogo ya sekunde, hata pale ambapo miamba huizuia fyuzi isikatike. Pili, nyaya zote za mpira ziondolewe. Tatu, vifaa vizito vitengewe sakiti zake, zenye waya mnene na sakiti breka inayolingana nao. Baada ya kila hatua vipimo virudiwe na kuandikwa, kwani namba iliyoandikwa leo ndiyo itakayoonyesha miaka ijayo kama hali inashuka. Miongozo ya Uingereza huyataka maduka yapimwe angalau kila miaka 5.

Hapo ndipo huzuka ubishi: mpangaji asema jengo si lake, na mwenye jengo asema vifaa si vyake. Lakini moto hausomi mkataba wa pango. Ukianza katika duka moja hupitia darini hadi la mwisho, ukateketeza mtaji wa mtu ambaye hakuwa hata na birika. Ni heri wapangaji na mwenye jengo wachangie upimaji mmoja wa jengo zima, na matokeo yasomwe mbele ya wote.

Maswali ya kujipima

1. Mkondo ukiongezeka mara 3, joto katika waya huongezeka mara ngapi?
2. Kwa nini fyuzi yaweza kukaa nzima ilhali bati la friza lina umeme?
3. Katika jengo unamofanyia kazi, nyaya zilipimwa lini, na matokeo yameandikwa wapi?