USUKANI ULIOLEGEA: JINSI YA KUTAFUTA UBOVU

Usukani ukizungushwa kidogo na magurudumu ya mbele yasifuate, dereva hana mamlaka kamili juu ya gari lake. Hatari huonekana anapopishana na lori katika barabara nyembamba.

Kwa magari yenye kisanduku cha meno chini ya nguzo ya usukani, kama Land Rover za zamani, wengi hukimbilia kukaza skrubu ya kisanduku hicho. Hilo ni kosa. Meno hulika zaidi mahali pa kwenda moja kwa moja. Yakikazwa mno, usukani hukwama kwenye kona wala haurudi wenyewe.

Yafaa kwanza kutafuta mahali mwendo unapopotelea. Mtu mmoja autikise usukani polepole, kushoto na kulia; mwenzake atazame tangu bolti za kisanduku hata magurudumuni. Penye kipande kinachokwenda na kinachofuata kikabaki kimetulia, ndipo penye ubovu. Kiungo cha gololi kilicholika hakikazwi. Hubadilishwa, na pini mpya ya kuzuia nati hutiwa.

Viungo vikiwa vizima, magurudumu ya nyuma yazuiwe kwa mawe, na mbele painuliwe kwa jeki na kutegemezwa imara. Tairi lishikwe juu na chini, litikiswe. Likicheza, breki ikanyagwe: kucheza kukikoma, beringi imelegea, kukiendelea, kasoro imo katika pini kuu.

Kisanduku huguswa mwisho. Baada ya kazi, gari lijaribiwe polepole kabla ya kupakia abiria.