Somo: Kanisa la Askari la Colaba na Majina ya Ukutani



Halmashauri ya kanisa letu inazungumzia kibao cha ukumbusho kitakachowekwa ukutani jengo letu jipya litakapomalizika. Wako wanaotaka yaandikwe majina ya waliotoa fedha nyingi, na wako wanaosema kibao chenyewe hakina haja. Kabla hatujakata shauri, napenda tujifunze habari za kanisa moja la mbali, lililojengwa hasa ili majina ya watu yasisahauliwe.

Kanisa hilo liko Colaba, katika mji wa Mumbai, India, ambao zamani uliitwa Bombay. Jina lake ni Kanisa la Mtakatifu Yohana Mwinjilisti, lakini wengi hulijua kama Kanisa la Afghanistan. Colaba palikuwa na kambi ya jeshi la Waingereza, na askari ndio waliokuwa waumini wake.

Vita vyenyewe

Mwaka 1838 Waingereza waliotawala India walipeleka jeshi Afghanistan. Waliogopa kwamba Warusi watawatangulia huko, basi wakataka kumrudisha katika kiti cha enzi Shah Shuja, mfalme aliyekuwa ameondolewa zamani. Mwaka 1839 waliingia Kabul. Lakini wenyeji hawakumtaka mfalme aliyeletwa na wageni, na Novemba 1841 waliasi.

Tarehe 6 Januari 1842, katikati ya theluji, jeshi lilitoka Kabul likirudi India. Walikuwa askari wapata 4,500, na pamoja nao watumishi na jamaa zao wapata 12,000: wapishi, wachota maji, watunza farasi, wanawake na watoto. Njiani walishambuliwa milimani, na wengi wengine walikufa kwa baridi. Tarehe 13 Januari Daktari William Brydon alifika ngome ya Jalalabad akiwa amejeruhiwa, juu ya farasi aliyechoka kabisa. Miongoni mwa Wazungu wa msafara ule, ni yeye tu aliyefika siku hiyo bila kutekwa. Mwaka uliofuata, 1843, Waingereza walipigana tena na kuiteka nchi ya Sindh.

Jengo

Kwa ajili ya waliokufa katika vita hivyo vya Sindh na Afghanistan, iliamuliwa kujenga kanisa badala ya kikanisa kidogo cha kuezekwa kwa nyasi kilichokuwapo Colaba. Serikali ilitoa kiwanja kwa sharti kwamba kanisa liwe na mnara mrefu, ili mabaharia wauone toka baharini. Jiwe la msingi liliwekwa mwaka 1847. Aliyechora ramani ni Henry Conybeare, mhandisi wa mji. Kanisa liliwekwa wakfu Januari 1858, ingawa mnara ulikuwa haujakwisha. Fedha zilikuwa haba, na mnara ulimalizika mwaka 1865. Urefu wake ni futi 198, yaani mita 60 hivi.

Mtindo wake ni ule wa makanisa ya Uingereza ya karne ya 13, unaoitwa Gothiki. Tazameni dalili zake: matao hayakuviringika juu bali yamechongoka, madirisha ni marefu na yana vioo vya rangi, na paa limepanda sana. Kuta ni za mawe ya huko huko Bombay, lakini vigae vya sakafu vililetwa kwa meli toka Uingereza. William Butterfield, mjenzi mashuhuri wa makanisa, alichora mapambo ya ndani bila kuondoka kwao.

Liko jambo jingine linaloonekana katika makanisa mengi ya kambi za India. Viti vimetiwa pengo la kuegemeza bunduki. Sababu ni hii: tarehe 10 Mei 1857, siku ya Jumapili, askari wa Kihindi waliasi huko Meerut wakati Waingereza walipokuwa wakijiandaa kwenda ibada ya jioni. Baada ya hapo askari Waingereza waliamriwa kwenda kanisani na silaha zao. Basi mtu alipiga magoti na bunduki yake ikiwa ubavuni.

Majina

Sasa tufike kwenye kiini cha somo. Katika kuta za kanisa la Colaba yameandikwa majina ya maafisa waliokufa. Chini yake yako maneno ya kueleza kwamba kanisa ni ukumbusho wao, na pia wa askari wa vyeo vya chini, ambao ni wengi mno hata majina yao hayawezi kuandikwa. Wachota maji na wapishi hawatajwi kabisa, wala wake zao na watoto waliokufa katika theluji. Yaani, kadiri watu walivyokuwa wengi, ndivyo nafasi yao ukutani ilivyokuwa ndogo.

Tusidhani kwamba hayo ni ya India tu. Katika Vita Kuu ya Kwanza babu zetu walichukuliwa kwa mamia ya maelfu kubeba mizigo ya majeshi, na jina la Kariakoo linatokana na kikosi chao. Wengi hawakurudi. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa.

Someni sasa Nehemia sura ya 3. Humo wametajwa waliojenga ukuta wa Yerusalemu, kila mtu na sehemu yake: makuhani, wafua dhahabu, wafanya biashara, hata binti za Shalumu katika mstari wa 12. Hakuna palipoandikwa nani alitoa fedha ngapi.

Kwetu sisi, mama zetu walichota maji ya kuchanganyia saruji tangu msingi, na vijana walisomba mawe kila Jumamosi. Hao si wengi mno. Tukiwa na daftari moja na kalamu, twaweza kuwaandika wote katika wiki mbili. Mimi mwenyewe niko tayari kuifanya kazi hiyo, maana kuita majina nimekuzoea.

Maswali ya kujadili

1. Kwa nini serikali ilitaka mnara wa Colaba uwe mrefu?
2. Pengo la bunduki katika viti latufundisha nini juu ya hofu ya watu wa wakati ule?
3. Katika jamaa yako, ni nani aliyefanya kazi katika jengo letu ambaye jina lake halijaandikwa popote? Liandike, ulilete Jumapili ijayo.