Gari Linavuka Bahari, Wajibu Unabaki Yokohama

Wanaonifahamu hapa chuoni wanajua napenda magari kuliko mpira. Naweza kukaa nje ya bweni saa mbili nzima nikibishana kuhusu injini ya Subaru na ya Toyota, na nisione hasara yoyote. Ila kuna kitu kinanikera kwenye mijadala yetu hiyo: tunatetea kampuni za magari kama tunavyotetea Simba na Yanga. Mtu akiigusa Toyota, mwenzake anawaka kana kwamba ametukaniwa mama. Mimi naona mpenzi wa kweli wa magari ndiye awe wa kwanza kuwabana wanaoyatengeneza, maana yeye anajua kilichomo ndani. Leo nachukua kitu kimoja tu kati ya hivyo: eabegi, ule mfuko unaofura mbele yako gari linapogonga.

Tuanze na namna inavyofanya kazi. Mfuko wenyewe ni kitambaa kilichokunjwa ndani ya usukani, na mwingine ndani ya dashibodi upande wa abiria. Nyuma ya kila mfuko kuna kikopo cha chuma chenye kemikali iliyoshindiliwa kama vidonge. Gari likigonga kwa nguvu, umeme unatumwa kwenye kikopo, vidonge vinawaka, gesi inajaza mfuko. Yote hayo kwa milisekunde 30 hivi, yaani hujawahi hata kupepesa jicho. Kwa hiyo dereva anatembea na mlipuko mdogo mbele ya kifua chake kila siku. Hakuna ubaya, mradi ulipuke kwa kipimo.

Takata ilikuwa kampuni ya Japani iliyoanza miaka ya 1930 na kazi za ufumaji, ikahamia kwenye mikanda ya usalama, kisha eabegi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ikaanza kujaza vikopo vyake amoniamu naitreti. Hii ni kemikali ya mbolea na ya baruti za migodini. Ndiyo iliyolipuka bandarini Beirut mwezi Agosti 2020. Sifa yake ni kwamba ni rahisi kwa bei. Tabia yake mbaya ni kwamba inavuta unyevu, na joto la mchana na ubaridi wa usiku vikipokezana juu yake miaka na miaka, vidonge vinaharibika. Siku vikiwaka, vinawaka kwa kasi kuliko kikopo kinavyoweza kuhimili. Kikopo kinapasuka, na vipande vya chuma vinapenya kitambaa na kumfuata mtu shingoni na usoni. Wapo waliokufa kwenye ajali ndogo tu, zile ambazo kwa kawaida watu hushuka na kuanza kugombana nani amlipe nani.

Usiniambie kwamba hakuna aliyejua. Autoliv, kampuni ya Sweden inayotengeneza eabegi pia, iliichunguza kemikali hiyo ikaona ni ya hatari, ikakataa kuitumia ingawa wateja walikuwa wanavutiwa na bei ya Takata. Na ndani ya Takata kwenyewe majaribio yalikuwa yanaonyesha vikopo vinapasuka. Wakafanya nini? Wakapika data. Wala si mimi ninayesema. Mwaka 2017 kampuni ilikiri kosa la ulaghai mahakamani Marekani, kwamba kwa miaka ilikuwa inawapelekea watengenezaji wa magari ripoti za majaribio zilizobadilishwa. Walikuwa hata na neno lao la kuitia hiyo kazi: "XX". Namba mbaya unai-XX, inakuwa nzuri.

Hapa naomba tupunguze mwendo kidogo, maana naandika kwenye jarida la wanafunzi na wote tunajua msimu wa tafiti unavyokuwa. Mtu ana dodoso 60, zimerudi 23, na msimamizi anataka sura ya nne Ijumaa. Usiku ule zile 37 zinajazwa bwenini kwa kalamu tatu za rangi tofauti. Tunacheka, tunaita ujanja. Yule injinia wa Takata naye alisoma chuo fulani, na sidhani kama XX yake ya kwanza ilikuwa ya eabegi.

Adhabu yake ilifika dola bilioni 1, na Juni 2017 Takata ikaomba ulinzi wa kufilisika. Kwa Marekani peke yake vikopo vilivyotakiwa kubadilishwa ni kama milioni 67, vya kampuni 19 za magari. Kwa lugha ya wenzetu hilo ni suala la kurejesha magari: mtengenezaji anatangaza kasoro, mwenye gari anaandikiwa barua, analipeleka gari kwa wakala, linabadilishiwa kifaa bure. Ni utaratibu mzuri sana, ukiwa upo ndani yake.

Sasa angalia ramani. Mwaka 2014, wito ulipokuwa bado unapigwa kidogo kidogo, Marekani ilianza na Florida, Hawaii, Puerto Rico na sehemu nyingine kama hizo. Kwa nini huko? Joto na unyevu. Malaysia nako watu walikufa. Sasa jiulize hali ya hewa ya Tanga ikoje, ya Mombasa, ya Unguja, ya Dar mwezi Februari gari likiwa limeanikwa juani Kariakoo kutwa nzima. Halafu jiulize magari mengi ya barabara hizo yametoka wapi na yana umri gani. Kenya inazuia gari lililotumika zaidi ya miaka 8 kuingia. Tanzania haizuii, inaongeza tu ushuru kwa gari kuukuu, na sisi tunalipa. Baadhi ya Corolla na Honda Fit za miaka ya 2000 zimo kwenye orodha ya Takata. Ni magari ya walimu hayo, magari ya mama zetu.

Barua ya kurejesha gari inamfuata mtu aliyesajiliwa Japani. Gari likishafutwa kwenye daftari la huko na kupandishwa meli Yokohama, barua haina pa kwenda. Tena kuanzia Mei 2018 serikali ya Japani ilianza kuyanyima cheti cha ukaguzi magari yenye eabegi hatari za Takata ambazo hazijabadilishwa. Kwa raia wa kule ni ulinzi safi. Kwetu sisi swali ni moja: gari lisiloweza kupata cheti kule, mwenyewe atalifanyia nini?

Watetezi wa kampuni huwa wana jibu lao: gari hilo hatukuliuza sisi Tanzania, limepita mikono mitatu, mwulizeni aliyeliagiza. Silikubali. Jina lililo kwenye boneti ni lao, na wanafurahia tukisema Toyota haifi hata ikipita mikono kumi. Sifa ikisafiri na gari mpaka Sumbawanga, kasoro nayo isafiri. Volvo walipopata mkanda wa pointi tatu wa Nils Bohlin mwaka 1959, waliwaachia kampuni nyingine watumie ubunifu huo. Kwa hiyo tusidanganyane kwamba biashara haiwezi kufikiria mtu ambaye si mteja wake.

Na kitu chenyewe si kikubwa kihivyo. Kampuni zina namba za chesisi za magari yenye kasoro. TRA ina namba ya chesisi ya kila gari lililosajiliwa, Kenya wanazo NTSA. Ni kulinganisha orodha mbili, kazi ambayo mwanafunzi wa kompyuta wa mwaka wa pili anaimaliza wikiendi. Gharama ya kubadilisha ndiyo watakayoikimbia, na hapo ndipo serikali zetu zikae nao mezani kwa pamoja, maana nchi moja moja tutazungushwa.

Wakati hayo hayajawa, chukua kadi ya gari la nyumbani uisome. Namba za magari ya soko la Japani ni fupi, zinaanza na kitu kama NZE121 au SCP10, kisha kistari na tarakimu. Tovuti ya Marekani inataka herufi na tarakimu 17, kwa hiyo huko hutapata kitu na usidhani umepona. Nenda tovuti ya Kijapani ya kampuni husika, sehemu ya kurejesha magari, uingize namba hiyo, simu itakutafsiria. Ukikuta limo, kwanza kiti kinachohusika kisikaliwe na mtu bila sababu, kama ni cha abiria. Usimruhusu fundi wa chini ya mwembe afungue usukani kwa bisibisi, na usinunue eabegi ya kuchomolewa kwenye gari lililokatwa, kwa sababu hiyo nayo ina namba yake na hakuna aliyeiangalia. Andikia wakala wa kampuni hiyo nchini, kwa maandishi, utaje namba ya chesisi, na ubaki na nakala.