Kwa nini mfumo hukataa ombi lenye sehemu ya ziada

Ukibonyeza "Tuma", simu yako hutuma kwanza fomu ndogo kwa mfumo wetu. Fomu hiyo ina sehemu chache tu: nambari ya mpokeaji, kiasi, na uthibitisho kwamba ni wewe. Kabla ya kugusa salio lako, mfumo hukagua mambo mawili. Je, kila sehemu inayotakiwa ipo? Na je, kuna sehemu ambayo hatukuiomba? Ikipatikana hata moja ya ziada, ombi zima linakataliwa.

Wenye biashara waliounganisha programu zao na mfumo wetu hutuuliza: si mngeiruka tu hiyo ya ziada, mwendelee na zingine? Hatufanyi hivyo kwa sababu mbili.

Kosa dogo la herufi

Tuseme programu ya duka lako hulipa wafanyakazi, na ina sehemu ya hiari iitwayo "kikomo" ili malipo yasizidi shilingi 20,000. Fundi akakosea, akaandika "kikommo". Mfumo unaoruka usichokijua hautaona kikomo chochote. Siku utakayoandika 150,000 badala ya 15,000, pesa yote itatoka. Mfumo unaokataa utasimama na kukuambia: "kikommo" haitambuliki. Utachelewa kidogo, lakini pesa yako ipo.

Mtu mjanja

Fomu ya kujisajili inauliza jina na nambari ya kitambulisho. Mjanja anaongeza sehemu yake mwenyewe: "amethibitishwa: ndiyo". Kama programu hunakili kila inachopewa hadi kwenye rekodi, huyo ameshapita bila kukaguliwa.

Tundu la aina hii limewahi kuonekana. Machi 2012, Egor Homakov aliongeza sehemu ya ziada kwenye fomu ya GitHub, tovuti ambako watengenezaji wa programu huhifadhi kazi zao. Akapata ruhusa ya kubadilisha mradi wa Rails, ambao haukuwa wake. Alitaka kuonyesha tundu lilipo, lakini mwizi angeweza kupitia hapo hapo.

Ombi likikataliwa, ufanye nini?

1. Usiwe na wasiwasi. Ombi likikataliwa katika hatua hii, pesa haijatoka. Angalia salio uhakikishe.
2. Soma jina la sehemu iliyotajwa kwenye ujumbe. Mpe fundi wako alilinganishe na mwongozo, herufi kwa herufi.
3. Kama ni programu ya simu yako, isasishe kutoka duka rasmi la programu. Usifuate linki uliyotumiwa na mtu usiyemjua.

Na sheria hii itumie wewe mwenyewe pia. Mtu anayetaka kukutumia pesa anahitaji nambari yako ya simu tu. Akisema "nipe na PIN ndio iingie", hiyo ni sehemu ya ziada. Usimpe hata nusu ya anachotaka. Kataa ombi lote.