SOMO LA ROBO HII: KIWANJA KILICHOKARIBIA KUPOTEA

Andiko la kusoma kabla ya kikao: Luka 14:28-30



Katika somo la safari hii tumeamua kumtazama mtu ambaye wengi wetu tulimfahamu kwa sababu ya michezo, siyo kwa sababu ya miradi: marehemu Dikembe Mutombo, mchezaji wa mpira wa kikapu kutoka Kongo. Tumemchagua kwa sababu yaliyompata katika kiwanja chake cha hospitali yanafanana mno na jambo lililo mezani kwetu huku Kibaha na Kisarawe.

Alikuwa nani?

Mutombo alizaliwa Kinshasa tarehe 25 Juni 1966, katika familia ya watoto kumi. Baba yake alikuwa mwalimu. Mwaka 1987 alipata ufadhili wa masomo akaenda Chuo Kikuu cha Georgetown, Washington, kwa nia ya kusomea udaktari. Urefu wake wa mita 2.18 ulimfanya kocha wa chuo, John Thompson, amwite uwanjani. Udaktari haukuwezekana, lakini masomo hakuyaacha: alihitimu mwaka 1991 katika lugha na diplomasia.

Mwaka huo huo alichaguliwa wa nne kuingia ligi ya NBA, katika timu ya Denver. Alicheza misimu 18, akipita Atlanta, Philadelphia, New Jersey, New York na hatimaye Houston. Nafasi yake ilikuwa senta, yaani yule mrefu anayelinda kikapu. Kazi yake kubwa haikuwa kufunga bali kuzuia wengine wasifunge. Alizuia mipira 3,289, na katika historia ya ligi hiyo aliyemzidi ni Mwafrika mwenzake, Hakeem Olajuwon wa Nigeria. Mara nne, yaani 1995, 1997, 1998 na 2001, alipewa tuzo ya mlinzi bora wa mwaka. Kila akizuia mpira alitikisa kidole, kama mzazi anayemkataza mtoto.

Aliumia goti mwezi Aprili 2009 akastaafu. Mwaka ule ule kijana wetu wa Dar es Salaam, Hasheem Thabeet, senta naye, alichaguliwa wa pili na timu ya Memphis, akawa Mtanzania wa kwanza kuingia ligi hiyo. Vijana wetu wanalijua jina hilo, na tunawaomba viongozi wa vijana walitumie watakapofundisha somo hili. Mutombo aliingizwa katika orodha ya heshima ya mchezo huo mwaka 2015. Alifariki kwa saratani ya ubongo tarehe 30 Septemba 2024, akiwa na miaka 58.

Mama ambaye hakufika hospitali

Mwishoni mwa miaka ya 1990 mama yake, Biamba Marie, aliugua ghafla nyumbani Kinshasa. Nchi ilikuwa katika machafuko na barabara zilikuwa zimefungwa kwa amri ya kutotoka nje. Hospitali haikuwa mbali, lakini hakuweza kufikishwa, akafa. Mwanawe alikuwa Marekani na fedha alikuwa nazo. Fedha hizo hazikuweza kumfungulia mama barabara.

Mwaka 1997 Mutombo alikuwa ameanzisha taasisi ya misaada, na lengo lake kubwa likawa kujenga hospitali ya vitanda 300 pembezoni mwa Kinshasa, eneo la Masina, wanakoishi watu wengi wa kipato cha chini. Hapa ndipo tunapoomba wanakamati wasome polepole.

Ardhi ilifunguliwa kwa sherehe mwaka 2001. Ujenzi wenyewe ulianza mwaka 2004. Kwa miaka mitatu katikati hapo palikuwa kimya. Michango ilikuja kwa shida, ingawa mwenyewe alikuwa ametoa dola milioni 3.5. Kwa kuwa kiwanja hakikutumika, serikali ilikaribia kukichukua. Watu waliokimbia vita walikuwa wameanza kulima humo, ikabidi awalipe ili wahame. Wengine walisema anatafuta siasa, akalazimika kueleza kila mara kwamba hana nia hiyo.

Hakukiacha. Hadi hospitali inazinduliwa mwezi Septemba 2006 gharama ilikuwa imefikia dola milioni 29, na mchango wake binafsi dola milioni 15, zaidi ya nusu. Wagonjwa walianza kupokelewa mwaka 2007. Ilikuwa hospitali ya kwanza ya kisasa kujengwa eneo lile kwa takribani miaka 40, nayo ikapewa jina la mama yake.

Tunajifunza nini?

Kwanza, jina kubwa halijengi. Mutombo alijulikana dunia nzima, lakini wafadhili hawakumkimbilia. Tusifikiri kwamba jina la dayosisi au barua yenye mhuri itatosha.

Pili, anayeanza kutoa ni mwenye mradi. Alitoa chake kabla ya kuwaomba wengine, na michango ilipochelewa akaongeza. Bwana Yesu katika Luka 14 anamzungumzia mtu anayekaa chini kuhesabu gharama kabla ya kujenga mnara. Anahesabu alichonacho mwenyewe, siyo kile ambacho huenda jirani atampa.

Tatu, kiwanja kisichotumika hakibaki cha mwenyewe. Huku kwetu pia hati huja na masharti ya kuendeleza, na jirani hasubiri hati ndipo apande muhogo.

Nne, watu wanaokutwa kwenye ardhi ni watu. Mutombo aliwalipa wale wakimbizi. Kanisa haliwezi kuanza huduma ya uponyaji kwa kumng'olea mjane mazao yake.

Jambo letu wenyewe

Sasa tuseme ukweli juu yetu. Usharika mmoja wa eneo letu, ambao hatuutaji, ulipewa ekari tatu na mama mmoja mzee kwa ajili ya zahanati. Msingi ulichimbwa, picha zikapigwa, na sisi wa ofisi ya miradi tukaandika andiko la mradi kwenda kwa wafadhili wa nje. Jibu lilikuja baada ya miezi mingi. Lilikuwa la kukataa, na lilikuwa na swali moja: washarika wenyewe wamechangia nini? Hatukuwa na la kujibu, kwa sababu hatukuwa tumewauliza. Tuliona ni watu wa mikorosho na muhogo, hawana kitu. Hilo lilikuwa kosa letu, siyo la usharika.

Leo msingi umeota nyasi. Nusu ya kiwanja inalimwa na familia mbili. Baadhi ya wazee wanapendekeza kuuza, fedha zikamalizie bati za kanisa. Yule mama bado yu hai, na kila Jumapili hupita pale akienda ibadani.

Hatuandiki ili kuwashitaki wazee hao. Kanisa linavuja kweli. Lakini akina mama wa vijiji vya ndani bado wanapakiwa kwenye pikipiki usiku, wakiwa na uchungu, kutafuta barabara kuu ya kuelekea Tumbi. Kwetu hakuna amri ya kutotoka nje. Barabara inafungwa na mvua ya masika, na kwa mama aliye njiani matokeo ni yale yale.

Kuhusu wafadhili

Wahisani wanaosoma ukurasa huu wasituelewe vibaya. Misaada imejenga mengi Kibaha. Mradi wa nchi za Nordic uliokuja Shirika la Elimu Kibaha ulianza mwaka 1963 kwa msaada wa Denmark, Finland, Norway na Sweden, na hospitali ya Tumbi ilianzia humo kama kituo cha afya. Mwaka 1970 mradi ulikabidhiwa kwa serikali ya Tanzania. Umedumu kwa sababu wenyeji waliupokea wakaubeba. Tunawaomba wahisani waendelee kutuuliza swali lile lile gumu, na waliulize mapema.

Tunachoomba kila kamati ifanye robo hii

1. Itafute karatasi za kila kiwanja cha usharika: hati, barua ya kijiji au mihtasari. Mzee anayekumbuka siyo karatasi.
2. Itembelee kiwanja, ihesabu mawe ya mipaka, na izungumze kwa upole na yeyote anayelima humo.
3. Iwaulize washarika wanaweza kutoa nini kwanza: tofali, mchanga, siku za kazi au mavuno. Iandikwe, hata ikiwa ndogo.
4. Kabla ya kuamua kuuza, imwite aliyetoa kiwanja au ndugu zake, isikilize.

Sisi tutaanza na usharika tuliousema. Tumeomba nafasi baada ya ibada ili tukiri kosa letu mbele ya washarika, kisha tuwaulize lile swali ambalo tulipaswa kuwauliza mwanzoni. Majibu yao tutayaleta hapa, yawe mazuri au mabaya.

Maswali ya kujadili

a) Katika usharika wetu, ni kazi gani iliyoanzwa kwa sherehe ikaishia kwenye msingi? Ni nini hasa kilichoisimamisha?
b) Mutombo alikwenda kusomea udaktari akashindwa, lakini akajenga hospitali. Ni kijana yupi kwetu ambaye mlango mmoja ulimfungia, na tumemsaidia kuona mwingine?
c) Ikiwa usharika una shilingi za kazi moja tu, bati za kanisa au zahanati, tutaamuaje, na nani awepo tunapoamua?

Tuombe: Bwana, tusaidie kuhesabu gharama kwa ukweli, na kumaliza tulichokiahidi mbele zako na mbele ya wagonjwa. Amina.