Juu ya nini Bee Gees walianguka mara moja?



Juma lililopita, usiku, mbele ya kuzima taa ya internat, vijana wa mwaka wa tano walikuwa wanabishana juu ya wimbo wa zamani uliokuwa katika telefoni ya mwenzao. (Ile telefoni tutaisemea siku ingine.) Ulikuwa wimbo wa Bee Gees. Mmoja alisema: «Hawa walikuwa na namba moja sita, moja nyuma ya ingine, halafu bure kabisa.» Wa pili alisema sauti ya mkubwa wao iliharibika. Wa tatu, mnajua vijana wetu, alisema walifanya mapatano na mashetani na siku ya kulipa ikafika. Asubuhi wakaja kuniuliza. Ninajibu hapa kwa wote, sababu maneno kama yale tunayasema pia juu ya wanamuziki wa kwetu, wanaosikika kila mahali mwaka mmoja, na mwaka wa pili hata jina hulisikii.

Tuanze na watu wenyewe. Bee Gees walikuwa ndugu watatu wa tumbo moja: Barry Gibb, aliyezaliwa 1946, na mapacha Robin na Maurice, waliozaliwa 1949. Walizaliwa katika kisiwa cha Man, kati ya Uingereza na Irlandi. Mwaka 1958 wazazi walihamia Australia pamoja nao, na huko waliendelea kuimba wakiwa watoto. Mwaka 1967 walirudi Uingereza, na mwaka ule ule wimbo wao ulikuwa wa kwanza katika nchi ile. Halafu waligombana, Robin akatoka, wakapatana tena. Mwaka 1971 walishika namba moja ya Marekani. Miaka miwili mitatu nyuma, diski zao hazikununuliwa tena. Mtie alama hapa: hawa watu walikuwa wamekwisha kuanguka mara moja, mbele ya lile anguko tunaloulizana.

Mwaka 1975 walienda kufanya kazi Miami, pamoja na Arif Mardin, fundi wa kutengeneza diski. Walishika mwendo wa kucheza, na Barry akaanza kuimba kwa ile sauti nyembamba ya juu. Ninyi wa korali mnaijua: ni pale mwanaume mzima anapopanda mpaka kwa soprano. Wimbo wao ukawa namba moja tena. Muziki huo uliitwa disko, na neno lenyewe limetoka katika Kifaransa, discothèque, nyumba ya diski. Bee Gees hawakuuanzisha. Ulitoka katika nyumba za kucheza za New York na miji mingine, kwa watu weusi, kwa Walatini, na kwa wengine waliofukuzwa kwingine.

Sasa tueleze hiyo «namba moja». Kule Marekani gazeti Billboard lilitoa kila juma orodha ya nyimbo 100. Wakati ule waliwauliza wenye maduka ni diski gani zinauzwa, na waliuliza radio ni nyimbo gani zinapigwa. Ni vile tu. Hakuna mwalimu aliyekaa kuhukumu kama wimbo ni mzuri. Msisahau neno hili, juu litarudi.

Mwisho wa 1977 ilitoka filamu Saturday Night Fever, na nyimbo za Bee Gees ndani yake. Diski ya filamu ile ilikaa namba moja ya Marekani majuma 24. Kwa nyimbo moja moja, kutoka mwisho wa 1977 mpaka mwezi wa sita 1979, walitoa sita, na zote sita zikawa namba moja. Mbele yao ni Beatles tu waliofika hesabu ile. Tena, katika mwezi wa tatu 1978 kulikuwa juma moja ambamo, kati ya nyimbo tano za kwanza, nne zilikuwa na mkono wa Barry katika kutungwa: mbili za Bee Gees, moja ya mdogo wao Andy, moja ya mwimbaji mwanamke Samantha Sang. Fikirini mtu aliyefungua radio asubuhi akiwa anapika chai, halafu katika gari, halafu dukani, halafu usiku tena. Hata sombe, ukiipewa mara tatu kwa siku mwaka mzima, utaisukuma sahani.

Na makampuni hayakujua kupunguza. Kila mtu alitaka kutoa disko, hata waimbaji wasiokuwa na kazi nayo. Radio nyingi ziliacha muziki mwingine. Katika Chicago, mwisho wa 1978, radio moja iligeuka kuwa ya disko, na mtangazaji wake Steve Dahl akapoteza kazi. Alipata kazi kwa radio ingine na akaanza kuchekelea disko kila siku. Tarehe 12 mwezi wa saba 1979, katika uwanja wa besiboli wa Comiskey Park, walitangaza hivi: kila mtu atakayeleta diski ya disko ataingia kwa senti 98. Kulikuwa michezo miwili siku ile, na kati ya mchezo wa kwanza na wa pili Dahl angelipua diski zile katikati ya uwanja. Walikuja watu wapata 50.000, na wengine wengi walibaki inje. Baruti ililia, majani ya uwanja yakatoboka, watu maelfu wakashuka chini kukimbia na kuvunja. Polisi waliwaondoa. Mchezo wa pili haukuchezwa, na timu ya nyumbani, White Sox, ikahesabiwa imeshindwa.

Kijana mweusi mmoja aliyefanya kazi uwanjani usiku ule, Vince Lawrence, alieleza baadaye kwamba diski nyingi alizoona watu wakileta hazikuwa za disko hata kidogo. Zilikuwa tu za waimbaji weusi. Kwa hiyo mtu asiniambie kwamba ulikuwa uchovu wa masikio peke yake.

Hata hivyo, usiku mmoja hauui muziki. Ulionyesha tu jambo lililokwisha kuanza. Biashara ya diski Marekani ilishuka mwaka ule wa 1979, na wenye radio waliogopa. Radio zingine zilitangaza mwisho wa juma usio na wimbo wa Bee Gees. Hawa ndugu watatu waligeuka jina la kuchekea. Walipotoa wimbo mpya 1981, ulifika namba 30, ukashuka.

Sasa turudi kwa ile sauti iliyoharibika na kwa mashetani ya kijana wetu. Kama uwezo wao uliisha, namna gani tutaeleza mambo haya? Mwaka 1980 Barbra Streisand alishika namba moja ya Marekani na Woman in Love. Nani aliutunga? Barry na Robin. Mwaka 1982 Dionne Warwick alirudi kusikika sana na Heartbreaker: ulitungwa na ndugu watatu. Mwaka 1983 Kenny Rogers na Dolly Parton, waimbaji wa muziki wa mashamba wa Marekani, walishika namba moja na Islands in the Stream: ni wale wale tena. Mwaka 1986 Diana Ross alikuwa wa kwanza Uingereza na Chain Reaction: wale wale. Hata sauti ya Barry ilipita. Aliimba pamoja na Streisand wimbo Guilty, na ukafika namba tatu. Kumbe wenye radio hawakuchoka na kalamu yao, wala hawakuchoka kabisa na sauti. Walichokikataa ni jina, kama likiandikwa peke yake juu ya karatasi ya diski.

Chic walipata hali ile ile, na kwangu wao ndio wananiumiza zaidi, sababu hawakuwa na miaka ya nyuma ya kuwasaidia. Walikuwa kundi la watu weusi wa New York. Wimbo wao Good Times ulikuwa namba moja mwezi wa nane 1979, mwezi mmoja nyuma ya ule usiku wa Chicago. Juma lililofuata kundi la roki, The Knack, likawaondoa. Tangu pale Chic hawakuingia tena hata katika nyimbo 40 za kwanza za Marekani. Lakini mpiga gita wao Nile Rodgers na mpiga basi Bernard Edwards walimtungia Diana Ross namba moja ya 1980, na Rodgers alisimamia diski kubwa ya David Bowie, 1983, na ya Madonna, 1984. Ile basi ya Good Times ilichukuliwa na vijana wa rap wa Sugarhill Gang mwaka ule ule wa 1979. Na The Knack? Wao nao walipotea upesi kabisa.

Bee Gees walirudi 1987 na You Win Again. Uingereza ulikuwa namba moja. Marekani ulifika namba 75. Wimbo ni ule ule mmoja, sauti ni zile zile. Maurice alikufa 2003, Robin 2012, na Andy, mdogo wao, alitangulia 1988, na miaka 30 tu.

Maulizo ya darasa

1. Orodha ya Billboard ilipima nini, na haikupima nini?

2. Juu ya nini wimbo mmoja ulikuwa wa 1 Uingereza na wa 75 Marekani?

3. Chagua mwanamuziki wa kwetu ambaye watu wanasema «ameisha». Uliza wakubwa wawili nyumbani: aliacha kutunga, ao waliacha kumpiga? Andika jibu, nusu ukurasa, na ulete juma lijalo. Yule wa mashetani atasoma wa kwanza.